Mafiga ya Bi Mize

Sogeeni, wanangu, hadithi iko jikoni.

Bi Mize alichukua mawe matatu kwenye kaburi bovu la kale, nyuma ya msikiti gofu, akayafanya mafiga. Akabandika chungu. Jiwe la kwanza likasema, "Moto mwingi!" La pili, "Chumvi haba!" La tatu likacheka mpaka chungu kikapinduka. Siku tatu watoto wakalala na njaa.

"Mmenichosha!" Akayarudisha kaburini.

Sauti ya mzee ikaguna chini ya kaburi, "Mwanangu, umeyarudisha ya nini? Nilikuwa nimeanza kupumzika!"

"Sasa babu, nifanyeje?"

"Yajenge tena hapa kaburini, uyapake chokaa. Zamani mkiyapaka kila mwaka, yalinyamaza."

Akayajenga, akayapaka chokaa nene. Kimya. Jioni akapika juu ya mafiga ya mawe ya shambani. Watoto wakashiba, babu akakoroma.

Hadithi imeiva, iepueni.