Shuraihi na Binti Asiyesikia

Wamepokezana waliotutangulia, Mola awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa kandokando ya jangwa aliishi mshona matandiko ya ngamia aitwaye Shuraihi, mtu wa sala na saumu, mchache wa maneno. Mkewe alikuwa amekwisha kufariki, akamwachia binti mmoja, Lubaba, aliyezaliwa hasikii wala hasemi.

Tangu binti yule akiwa mchanga, Shuraihi hakuacha kumwomba Mola amfanye kama watoto wa wenziwe. Alimpeleka kwa matabibu, akamvusha majangwa kumfikisha kwa kila mja mwema aliyesifiwa kuwa dua yake hairudi. Kila mara walirudi kama walivyokwenda. Lubaba akabaleghe, na babaye akachoka, uchovu ule ambao usingizi hauutoi. Akawa anasali kwa ulimi, moyo umelala.

Ndipo akasikia habari za Bi Atika, mcha Mungu mmoja aliyekuwa akisaga unga na kuwaokea wasafiri mikate bila ujira. Akampandisha binti juu ya punda, yeye akatembea kwa miguu, mpaka wakafika mlangoni pake jua likiwa kali.

Bi Atika alikuwa ameketi mbele ya jiwe lake la kusagia, uso umejaa vumbi la shayiri. Shuraihi akatoa salamu, akajibwaga chini.

"Mama, nimekuja umwombee mwanangu. Nimechoka."

"Hata mimi nimechoka, mwanangu," akajibu Bi Atika, asiache kusaga. "Kaa tuchoke pamoja. Hebu nieleze, binti huyu anapenda nini?"

"Hasikii, mama. Wala hasemi."

"Hayo ni asiyoyaweza. Nimekuuliza anachokipenda. Nini humfurahisha?"

Shuraihi angeweza kusema lolote, na bibi yule asingejua. Lakini alikuwa mtu mkweli.

"Sijui," akasema, na machozi yakamtoka. "Wageni wakija nyumbani, mimi humficha chumba cha ndani. Namwonea haya. Hata kucheka, sijapata kumwona akicheka."

Wakati huo Lubaba alikuwa amesogea karibu na jiwe, akaweka kiganja ukingoni. Jiwe lilipozunguka, mtetemo ukampanda mkononi hadi begani, naye akaangua kicheko, kicheko kizito cha kukwaruza, kisichofanana na cha mtu mwingine. Bi Atika akasita kusaga. Binti akampigapiga goti: endelea! Bibi akaendelea.

Shuraihi alibaki ameinamisha kichwa, akisikiliza.

"Mwanangu," akasema Bi Atika kwa upole, "miaka yote hii umemwomba Mola akupe binti mwingine. Huyu aliyekupa hujampokea bado. Dua nitaomba, lakini nitakuombea wewe."

Shuraihi akajikokota mpaka penye jiwe, akaweka kiganja chake kando ya kile cha mwanawe. Lubaba akamtazama kwa mshangao, kisha akajisogeza kidogo kumpa nafasi.

Waliporejea mjini, jirani mmoja akamlaki njiani. "Maskini Shuraihi, umerudi naye vilevile?"

"Nimerudi naye," akajibu. "Nilipoondoka hapa sikuwa nimempeleka yeye, nilikuwa nimepeleka maradhi."

Inasemwa kwamba Lubaba hakusikia neno lolote mpaka mauti yalipomfika. Babaye alijifunza ishara zake moja moja, kwa taabu, na kwa kuwa alikuwa mzito wa kufahamu, binti alimkasirikia mara nyingi. Wageni walipokuja, Lubaba aliketi nao. Baadhi yao hawakurudi tena. Na siku nyingi Shuraihi alilala amechoka kama zamani. Ila dua yake ilikuwa imebadilika: "Ewe Mola, huyu uliyenipa, niongezee kumjua."

Ndugu zangu katika imani, kuridhia hakumwondolei mja uchovu wake. Humwondolea ugomvi na Muumba wake, na huo ndio mzigo mzito zaidi. Yule aliyetofautisha ndimi zetu na rangi zetu hakusahau kitu alipomuumba jirani yako, wala hakusahau kitu alipokuumba wewe. Tumwombe atujaalie kuwapokea waja wake kama walivyo, kabla hatujaulizwa habari zao, tukakosa la kujibu.