Kibuyu Kilichouliza "Nani?"

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ni sauti ya watu walioshiba au ya wagonjwa? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimewasikia. Sogeeni motoni, lakini huo mlango niachieni wazi, na mkiniona nainuka inuka msiniulize. Leo sikai nikatulia, kuna ninayemngoja. Nitawasimulia habari za mtu aliyekuwa hivi hivi, kiguu na njia, chungu kinachemka mbele yake wala hakisikii.

Hapo kale, kale ya zamani, nyani akiwa bado ana manyoya mazuri makalioni, alikuwako mjane jina lake Wakesho. Aliishi peke yake chini ya kilima cha Mlondo. Mumewe alikuwa amekufa, na mtoto wake wa pekee, Mkawasi, alikuwa ameolewa ng'ambo ya kilima, mwendo wa tangu jua kuchomoza hadi ng'ombe kupelekwa mtoni.

Wakesho alikuwa na majirani watatu tu. Mmoja akibisha hodi, yeye huuliza, "Nani?" Jirani hujibu, "Mimi." Na yeye akienda kwao, huulizwa, "Nani?" naye hujibu, "Mimi." Basi. Hakuna aliyetaja jina, maana sauti zilijulikana. Si ndivyo mnavyofanya hata ninyi? Msicheke, ndivyo mnavyofanya.

Mwaka huo Mkawasi alibeba mimba yake ya kwanza. Na desturi ya kwao ilikuwa hii: binti akizaa mara ya kwanza, kitovu cha mtoto kikidondoka, mama yake humleta nyumbani na kumnywesha uji wa mtama siku arobaini. Mtama wenyewe sharti utoke katika shamba la mama. Wa kuomba haufai. Wa kukopa haufai. Wakesho alikuwa na shamba moja dogo, masuke bado mabichi, na debe moja tu la mtama wa mwaka uliopita. Usiku na mchana alikuwa akiyahesabu yale masuke.

Ndipo viwavi wakaja.

Walikuja wengi, weusi, na hawakuchagua. Wakesho aliwaokota kwa mikono mpaka mgongo ukamkatalia. Akakaa chini shambani akalia. Kumbe kanga walikuwa wanamtazama kutoka kichakani. Nasema ndege kanga, wale wa madoadoa. Wewe unayeshika leso yako hapo, sikusemi wewe.

"Mama Mkawasi," aliita Kanga Mkuu, "unalia nini, na chakula kimejaa shambani?"

"Chakula gani? Ni viwavi!"

"Basi tuachie sisi. Kila asubuhi tutawadonoa. Lakini kiwavi mtupu hutukwaruza koo. Jua likifika utosini tutupie mtama mkavu kidogo. Siku moja tukiukosa, tutasema moja. Siku ya pili tukiukosa, tutasema mbili. Siku ya tatu tukiukosa, hutatuona tena."

Wakapatana. Asubuhi kanga walidonoa, adhuhuri Wakesho akawatupia mtama, na masuke yakaanza kunenepa. Mambo yakawa mazuri kabisa mpaka ilipofika salamu kutoka ng'ambo ya kilima: "Mama, siku zangu zimekaribia, na ninaogopa. Uje kila siku unitazame."

Sasa atafanyaje? Akienda kwa binti, nani atawapa kanga mtama? Akibaki na kanga, nani atamshika binti mkono? Wakesho akakaa, akainuka. Akakaa, akainuka. Akakaa, akainuka, akaenda ghalani.

Akatoa kibuyu kikubwa kilichokuwa cha pombe ya mumewe. Akakitoboa tundu chini, akaliziba kwa gunzi la mahindi. Akasimamisha miti mitatu katikati ya shamba, akakitundika, akamimina ndani debe lote la mtama. Kibuyu kikajitikisa, kikasema:

"Kazi nimeielewa. Nilegeze gunzi, mtama umwagike, nilikaze tena. Lakini mimi nina mdomo, sina macho. Nitamjuaje wa kumpa?"

"Hilo nalo ni la kuuliza?" alisema Wakesho, mguu mmoja tayari uko njiani. "Akibisha hodi, uliza, 'Nani?' Akijibu, 'Mimi,' mmwagie. Asiyejibu hivyo si mtu wa hapa, jifunge!"

Akaondoka mbio. Akafika kwa Mkawasi, akamkanda mgongo, lakini hakutulia. Akakaa, akainuka. Akakaa, akainuka.

"Mama, kaa basi, unanitia kizunguzungu," alisema Mkawasi.

"Nimekaa, mwanangu," alijibu, naye amesimama.

Jioni aliporudi shambani, aliwakuta kanga wamejipanga mstari, shingo juu.

"Mama Mkawasi," alisema Kanga Mkuu, "tumebisha, hatukupewa. Moja."

Wakesho akatazama chini ya kibuyu. Akaona maganda ya mtama, akaona na nyayo. Nyayo za nyani!

"Kumbe ni huyu mwizi!" alisema. Kwa hasira alikwenda nyumbani, akachukua koti la marehemu, akalivisha mti, akaliwekea kofia. Akalisimamisha karibu na kibuyu. "Mlinde mjukuu wako," aliliambia lile koti, akalipangusa mabega, kwa kuwa hakuwa amelitoa sandukuni tangu msiba.

Kesho yake akaenda tena kwa Mkawasi. Akakaa, akainuka. Nyani naye akaja shambani. Akaliona koti, akaogopa, akalisalimu kwa adabu, "Shikamoo, mzee." Koti kimya. "Shikamoo, mzee!" Kimya. "Shikamoo, mzee!" Kimya kabisa.

"Mzee gani huyu haitikii salamu?" alisema Nyani. Akalivua lile koti, akalivaa yeye, akakunja mikono, akasimama chini ya kibuyu kama mwenye shamba.

"Hodi!"

"Nani?"

"Mimi."

Kibuyu kikamwaga. Nyani akala, akabisha tena, akala, akabisha tena.

Wakesho aliporudi alimwona kwa mbali anaishia msituni, koti la marehemu linapepea. Moyo ulimuuma, nao kanga walikuwa wamejipanga.

"Mama Mkawasi, tumebisha, hatukupewa. Mbili."

Jioni ile Wakesho alitwanga pilipili kichaa kinu kizima. Akaipaka miti yote mitatu toka juu hadi chini, huku anapiga chafya na kulia. Akajisahau akafuta jicho kwa mkono ule ule. Sitawaeleza alivyoruka, mnaweza kuona wenyewe.

"Sasa apande!" alisema. "Apande tena!"

Lakini jamani, Nyani alikuwa na haja gani ya kupanda? Analishwa na kumiminiwa, apande ili iweje? Wakesho hakuliwaza hilo. Kichwa chake kilikuwa kinakwenda huku na huko, na mtu wa namna hiyo huona miti tu, haoni kinachotendeka chini yake.

Alfajiri ya siku ya tatu akaja mjumbe, anahema. "Mama, uchungu umemshika Mkawasi! Anakuita!"

Wakesho akageukia kilima. Akageukia shamba. Akageukia kilima. Akienda, jua litafika utosini, kanga watasema tatu, viwavi watamaliza masuke, na mzazi ataletwa kwenye nyumba isiyo na uji. Akibaki, mwanawe atazaa bila mama.

"Mwambie nakuja," alisema. "Mwambie avumilie kidogo tu, nakuja."

Akajificha katikati ya mtama, akauma vidole. Jua likapanda polepole kama linamfanyia kusudi. Nyani akatokea, koti mwilini, hatua za taratibu. Hakugusa mti hata mmoja. Akakaa chini.

"Hodi!"

"Nani?"

"Mimi."

Mtama ukamwagika. Wakesho alitaka kuruka amkamate, lakini kanga nao walikuwa wanakuja, akajizuia asikilize. Nyani alipowaona akasogea pembeni, anatafuna. Kanga wote, wakubwa kwa wadogo, wakasimama chini ya kibuyu.

"Hodi!"

"Nani?"

"Sisi."

Kibuyu kikajifunga kabisa.

"Hodi!"

"Nani?"

"Sisi!"

Kimya. Hapo Wakesho akajipiga kofi kwenye paji la uso. Siku zote hizo kanga walikuwa wanabisha, na mtama upo, na kibuyu kinawafukuza! Tena hakikukosea. Kilifanya alivyokifundisha. Mwanamke aliyeishi peke yake miaka yote hiyo hakuwaza kwamba anaweza kuja mgeni akasema "sisi."

Kanga Mkuu akainua shingo. "Ta..."

"Ngojeni!" alipiga kelele Wakesho, akatoka mbio, majani yanamkata miguu. "Usilimalize hilo neno! Kosa ni langu! Kibuyu, nisikilize vizuri. Ukisikia 'mimi,' nyamaza. Ukisikia 'sisi,' uliza, 'Sisi nani?' Wakijitaja, wamwagie. Umesikia?"

"Nimesikia," kilijibu kibuyu. "Mbona hukusema mapema?"

Wakesho huyo! Alikuwa tayari anapanda kilima, leso imemteleza mabegani, hakuiokota.

Shambani Nyani akajikohoza.

"Hodi!"

"Nani?"

"Mimi." Kimya. "Aa, yaani, sisi."

"Sisi nani?"

Nyani akatazama kulia, hakuna mtu. Akatazama kushoto, hakuna mtu. "Sisi... mimi."

Kimya. Akajaribu mara ya pili, "Sisi mimi!" Akajaribu mara ya tatu, "Sisi mimi, nasema!" Alipoona hapati akapandwa na hasira, akaikumbatia miti ile mitatu aiangushe. Pilipili ikamshika viganja. Viganja vikawaka, akavifuta makalioni. Makalio yakawaka, akayasugua kwenye mawe mpaka manyoya yote yakatoka. Akakimbilia msituni, koti akaliacha kwenye miiba. Mkimwona leo kwa nyuma, mnajua alikopitia.

"Hodi!" walisema kanga.

"Nani?"

"Sisi."

"Sisi nani?"

"Sisi kanga, na watoto wetu."

Mtama ukamwagika.

Wakesho alifika kwa Mkawasi amepoteza pumzi. Akamshika mkono, na hapo, kwa mara ya kwanza tangu mwezi uandame, akakaa asiinuke. Jua likizama akazaliwa mtoto wa kike. Wakampa jina la bibi yake, kama ilivyo desturi.

Siku ya saba kitovu kikadondoka, wakashika njia ya nyumbani. Bibi amembeba mtoto mgongoni, Mkawasi anafuata, hatua moja anasimama, hatua mbili anasimama. Kadiri walivyokaribia ndivyo roho ya Wakesho ilivyopanda. Je, kanga wapo? Je, shamba lipo? Walipoupita mgongo wa kilima akaona: mtama umesimama mwekundu, shamba zima, na madoadoa ya kanga yanapita chini yake. Akalia mbele ya binti yake bila kuona haya.

Lakini mtama wa shambani lazima ukatwe, uanikwe, upurwe, na Mkawasi alikuwa amekaa chini njiani, midomo mikavu, maziwa hayajashuka. Uji ulitakiwa saa ile. Mtama mkavu uliobaki duniani kwa Wakesho ulikuwa ndani ya kibuyu.

"Hodi!" alisema, anakinga ungo.

"Nani?"

"Mimi."

Kimya.

"Mimi!" Akavuta gunzi, gunzi likakatalia. "Ni mimi, nakwambia! Mimi mwenyewe niliyekutundika!"

Kimya. Akainua jiwe akivunje. Ndipo kile kitoto mgongoni kikapiga chafya kwa ile pilipili, kikalia. Wakesho akashusha jiwe. Akasimama. Tangu mumewe azikwe, hakuwahi kujitaja kwa neno lile, na sasa lilikuja taratibu, kama mtu anayejaribu kiatu.

"Sisi," alisema.

"Sisi nani?"

"Sisi, Wakesho, na Mkawasi, na Wakesho mdogo."

Gunzi likaruka lenyewe, na mtama ukateremka hadi punje ya mwisho.

Wakanywa uji siku arobaini. Na mimi hadithi yangu naitua hapo, atakaye aibebe. Sasa nyamazeni, nyamazeni kwanza, sukumeni huo mlango ufunguke wote. Mmesikia? Kuna mtu anabisha hodi.