Kindi Aliyejitolea Kujibu Inboksi

Hapo zamani za kale, ila si kale sana, kwa sababu simu zilikuwepo na vocha zilikuwa zinaisha kama kawaida, wanyama wa bonde la Msufini walikuwa wafanyabiashara. Sogeeni karibu. Wewe unayetafuna, tafuna polepole, maana hadithi hii haitaki kelele, na mwisho wake haunifurahishi hata mimi.

Hawakuwa na maduka. Kila mmoja alikaa kwake, akapiga picha kitu chake, akakiweka mtandaoni. Mzee Tembo aliuza magadi aliyoyachimba kwa pembe zake. Bwana Kiboko aliuza mikeka ya matete. Nyati, mwenye hasira za karibu, aliuza samli ya mkewe. Kindi, yule mdogo mwenye mkia mkubwa, aliuza karanga za kukaanga. Na chini ya mti wa Kindi aliishi Bi Kobe, mfinyanzi wa vyungu.

Bi Kobe na Kindi walikuwa majirani wa kuazimana chumvi. Kindi akisafiri, Bi Kobe alimlindia karanga zake zisiliwe na panya. Bi Kobe akitaka kuni, Kindi alimwangushia vijiti kutoka juu, tap! tap! tap!

"Basi, mwanangu, basi! Utanitoboa gamba!" Bi Kobe alikuwa akipiga kelele, na wote wawili wakicheka.

Lakini mwaka ule vyungu havikutoka. Vilijipanga uani kimoja juu ya kingine, na kiangazi kilikuwa kinakwisha. Asubuhi moja Bi Kobe akamwambia Kindi, "Vyungu hivi visipopata wenyewe kabla ya masika, nahama. Binti yangu ananiita ng'ambo ya mlima nikamsaidie kulea. Nimechoka kukaa na vyungu visivyopikiwa kitu."

"Ng'ambo ya mlima! Bi Kobe, kwa mwendo wako huo, ukienda hurudi!"

"Ndiyo. Sitarudi."

Kindi alifiwa na mama yake angali mdogo, na aliyemfundisha kukaanga karanga bila kuziunguza ni huyo huyo Bi Kobe.

Basi siku moja Mzee Tembo akaita mkutano. Wakaja wote, na Bi Kobe akaja wa mwisho, kama mlivyotegemea.

"Jamani," Tembo akasema, "mmoja mmoja hatuonekani."

Nyati akacheka, "Mzee wangu, wewe huonekani? Mlima mzima huo?"

"Mtandaoni, Nyati! Mtandaoni mwili si kitu. Naweka picha ya magadi, inapita kama upepo. Sasa nasema hivi: tufungue blogu moja ya pamoja. Kila mmoja awe na zamu yake ya kuandika. Hakuna mshahara, ni kujitolea. Aliyekuja kutafuta samli akutane na mkeka, aliyekuja kwa mkeka akutane na magadi."

"Naam! Hapo umenena!"

Ilikuwa fikra nzuri, wanangu. Nataka mjue hivyo. Fikra ile ingeweza kuwalisha wote.

Ugomvi ukaanza kwenye jina. Kiboko alitaka iitwe Kiboko na Wenzake. Tembo akauliza kwa nini wenzake wasiwe wake yeye. Nyati akapiga kwato chini, bam! bam! mpaka vumbi likawakohoza wote, koho, koho! Mwishowe wakaiita Sokoni Kwetu, jina ambalo halikumpendeza yeyote, na kwa hiyo halikumwudhi yeyote.

Zikaja zamu. Tembo akachukua siku za mwisho wa mwezi, watu wanapopata mishahara. Kiboko akachukua zinazofuata. Nyati akachukua zilizobaki na utamu.

"Na sisi?" Kindi akauliza.

"Nyinyi wadogo mtaandika zile siku mwezi uko kona."

"Siku hizo nani ananunua? Watu wamekaukiwa!"

"Kujitolea ni kujitolea," Tembo akasema. "Tena chema chajiuza."

Mkia wa Kindi ukaanza kupiga, fu! fu! fu! Alipokuwa amekaa hivyo, na hasira zake, ndipo Bi Kobe akatoa shingo taratibu akaomba ruhusa ya kusema.

"Wazee wangu, mimi naomba kitu kimoja. Tuandike bei. Na tuandike kila mmoja anapatikana wapi. Mtu akiona chungu, aone na bei yake, ajue pa kunifuata, aje."

Lo! Mngesikia kicheko kile! Kwa maana wauzaji wa mtandaoni, enzi zile kama sasa, walikuwa na desturi yao. Bei haiandikwi. Unaweka picha nzuri, unasifu, kisha chini unamalizia, "Bei njoo inboksi." Inboksi ni kile chumba cha pembeni ndani ya simu, mteja na muuzaji wanaongea peke yao. Kuandika bei mbele za watu waliona ni kama kuvua nguo sokoni.

"Bi Kobe!" Kiboko akasema, machozi ya kicheko yakimtoka. "Mwenzangu ajue mkeka wangu nauza kiasi gani? Halafu yeye ashushe?"

"Na mahali tunapokaa tusiandike," Tembo akaongeza. "Matapeli wengi."

Kindi alijua Bi Kobe amesema kweli. Karanga zake mwenyewe ziliwahi kukosa wateja wangapi waliochoka kungoja kujibiwa bei! Ilitosha aseme, "Namuunga mkono Bi Kobe." Maneno mawili na jina lake. Lakini akilini mwake hila ilikuwa imekwisha kuota, na hila ile ilitaka bei zifichwe.

Akacheka pamoja nao. "Bi Kobe wangu, mambo ya mtandao yamekupita. Waache wanaoyajua."

Bi Kobe akamtazama kidogo. "Haya," akasema, akarudisha shingo ndani.

"Lakini sasa," Kindi akaendelea upesi upesi, "wateja wakijaa inboksi, nani atawajibu? Mzee Tembo, simu ya mwisho uliyoikanyaga ililia kwachu! Bwana Kiboko vidole vyako ni vinne, vyote vinene. Bwana Nyati una kwato. Basi mimi mdogo wenu nitajitolea. Nipeni neno la siri la blogu, nitajibu wote kwa niaba yenu, na kila mteja nitamwelekeza kwa mwenyewe."

"Kazi ya kuchosha hiyo!" Nyati akasema kwa furaha. "Mpeni, mpeni!"

Wakampa.

Walipokuwa wakirudi nyumbani, Kindi akamnong'oneza Bi Kobe, "Usinikasirikie. Wale nitawachezesha ngoma yao. Lakini wateja wako wewe nitakuletea mpaka uani, haki ya Mungu."

"Mimi sijui ngoma, mwanangu. Nataka vyungu vipate wenyewe tu."

Blogu ikafunguliwa. Tembo akaandika sifa za magadi yake, akapamba, akamalizia, "Bei njoo inboksi." Wateja wakaja. Ting! Ting! Ting!

Mmoja akauliza, "Magadi bei gani?"

Kindi akajibu, "Yamekwisha, mpendwa. Ila zipo karanga, moto moto, nakuletea ulipo."

Mwingine, "Mkeka bei gani?"

"Imekwisha yote, mpendwa. Ila zipo karanga."

"Samli je?"

"Imekwisha, mpendwa. Karanga je?"

Na mtu aliyekuja na njaa ya kununua harudi hivi hivi. Wakanunua karanga. Kindi akakaanga asubuhi, akakaanga mchana, chwaa! chwaa! mpaka mkia ukanuka moshi.

Jioni Tembo alikuja chini ya mti. "Kindi, inboksi vipi?"

"Kimya, mzee. Soko limelala. Labda uongeze sifa kidogo?"

Tembo akaenda akaongeza sifa. Kiboko akaandika jinsi mkeka wake unavyotibu mgongo. Nyati akaandika shairi zima la samli, na mashairi si kazi ya nyati. Kadiri walivyojitolea kuandika, ndivyo wateja walivyozidi kuja, na kadiri wateja walivyokuja, ndivyo karanga zilivyotoka. Wakubwa watatu wakawa wanampigia debe mdogo mmoja bila kujua.

Cheka, cheka sasa. Nafasi ya kucheka ni hapa.

Bi Kobe naye aliandika zamu yake. Aliandika kidogo tu: vyungu hivi nimevifinyanga mwenyewe, havivuji, bei niliambiwa nisiweke. Mteja mmoja akaulizia, Kindi akamleta mpaka uani, akanunua chungu. Akaja wa pili, naye Kindi akamleta. Bi Kobe akafurahi mpaka akaanza kukanda udongo mpya.

Lakini inboksi ikajaa mno. Ting! Ting! Ting! Kindi alikuwa na karanga jikoni, wateja simuni, na mikono miwili. Akaona anachoka kuandika neno lile lile. Akafanya wanavyofanya wauzaji waliozidiwa: akaliandika jibu mara moja, akalinakili, akawa analibandika kwa kila mtu. "Kimekwisha, mpendwa. Ila zipo karanga." Bandika. Bandika. Bandika. Mwanzoni alikuwa akisoma swali kwanza. Baadaye akaacha kusoma.

"Kindi mwanangu," Bi Kobe akaita kutoka chini, "kuna aliyeulizia vyungu?"

"Hakuna, Bi Kobe!" Kindi akajibu, macho kwenye simu.

Kesho yake akauliza tena. "Hakuna, Bi Kobe!" Na siku nyingine, na nyingine, hata akaacha kuuliza. Mawingu yakaanza kukusanyika mlimani.

Asubuhi moja akaita, "Kindi. Mimi nakwenda."

Ting! Ting! "Haya, Bi Kobe, tutaonana baadaye!" Alidhani anakwenda kisimani.

Bi Kobe akasimama chini ya mti kitambo. Kisha akaondoka, kwa mwendo wake.

Siku chache baadaye Mzee Tembo akaita mkutano wa mwisho. "Jamani, tumejaribu. Wateja hawakuja. Blogu tuifunge. Lakini kabla hatujatawanyika, kuna mmoja wetu wa kushukuriwa. Sisi tuliandika siku moja moja, yeye alikesha na inboksi tupu kwa ajili yetu. Kindi, umejitolea kuliko sisi sote."

"Hongera! Hongera!" Nyati akalia kabisa, nyati yule, akamkumbatia Kindi karibu amvunje mbavu.

Kindi akatazama huku na huku amwonyeshe Bi Kobe uso wa mzaha, kama kusema, unawaona hawa? Mahali pa Bi Kobe palikuwa patupu. Amechelewa, akajiambia. Ndiyo tabia yake.

Alipofika kwake alimkuta Mama Swala wa ng'ambo ya mto anamsubiri chini ya mti, amebeba kapu. "Nimekuja kuchukua karanga za harusi, binti yangu anaolewa. Ila umenisikitisha, Kindi. Nilitaka kupikia vyungu vya Bi Kobe, vyote alivyo navyo, harusi iwe ya kikwetu. Nikakuuliza inboksi, ukanijibu vimekwisha. Nimekodi masufuria ya mjini, hayana ladha."

"Vyote?" Kindi akauliza kutoka juu, karanga za harusi zi mikononi.

"Vyote. Tena nikakuuliza mara ya pili. Ukanijibu vile vile, na ukaniita mpendwa."

Karanga zikamwagika, pu-pu-pu-pu! Kindi aliteremka mbio mpaka uani kwa Bi Kobe. Jiko lilikuwa na majivu baridi. Uani hapakuwa na chungu hata kimoja.

Akakimbia. Na kumpata kobe njiani, wanangu, si kazi. Alimkuta bado hajaanza hata kuupanda mlima, anakokota mguu mmoja baada ya mwingine.

"Bi Kobe! Rudi! Nimekukosea!" Akamwambia yote, ya Tembo, ya karanga, ya kubandika, ya Mama Swala. Hakuficha kitu, na alilia akisema.

Bi Kobe alisikiliza bila kusimama.

"Rudi basi! Nitamwambia Mama Swala, masufuria atarudisha. Nitaandika bei, nitaandika unapokaa!"

"Vyungu sina tena, mwanangu. Niligawa. Tembo alichukua, Nyati alichukua, wapita njia wakachukua. Nilijua havina mtu anayevitaka, sikutaka mvua ivikute uani."

"Finyanga vingine!"

"Mikono hii haina msimu mwingine. Nimeshamwambia binti yangu naja." Akatembea kidogo. "Wewe una mbio kuliko wote bondeni, Kindi. Siku ile mkutanoni ungenisaidia kwa neno moja tu. Leo umekimbia mpaka huku."

Kindi akataka kumsindikiza, lakini hakujua kutembea polepole. Akawa anatangulia, anasimama, anarudi, anatangulia tena, mpaka Bi Kobe mwenyewe akamwambia, "Nenda nyumbani, mwanangu. Unanichosha. Na kile chungu changu cha kukaangia, kizuri kuliko vyote, nimekuwekea kwenye mizizi ya mti wako. Nilikuita siku ile nikupe mkononi, ukawa na shughuli."

Kindi akarudi. Chungu kilikuwepo pale pale, kimefunikwa na majani, na yeye alikuwa amekiruka asubuhi na jioni bila kukiona. Ndani Bi Kobe alikuwa amemtilia chumvi aliyoiazima kwake mwezi uliopita.

Blogu ilifungwa, wakubwa hawakujua walichofanyiwa, na mpaka leo wanamsifu Kindi kwa kujitolea. Yeye akisikia sifa zile huinamisha kichwa.

Hadithi yangu imefika hapo na haina pengine pa kwenda, ila neno lake ni hili: ukitega mtego wa kuwanasa wakubwa, angalia kwanza jirani yako mdogo anapita wapi.