Mpasuo wa Joho la Saadia

Imepokewa kutoka kwa waliotutangulia kwamba katika milima ya Yemeni, miongoni mwa Wayahudi walioishi huko, palikuwa na mjane mcha Mungu aitwaye Badra. Mumewe, Saadia, alikuwa mfua fedha. Alifariki wakati wa baridi, akamwachia watoto wadogo na joho moja la sufu nzuri.

Joho lile lilikuwa na mpasuo kifuani. Ni desturi ya Wayahudi, mtu anapofiwa na jamaa wa karibu, kusimama na kulipasua vazi lake, ili yaliyo moyoni yaonekane nje. Akifiwa na ndugu au mwana, anaruhusiwa baada ya mwezi kuushona mpasuo ule mpaka usionekane. Lakini akifiwa na baba au mama, vazi hushikizwa tu kwa mishono mipana, wala halishonwi likarudi kama zamani. Hukumu hii humfuata hata anayelinunua. Kwa hiyo muuzaji analazimika kumwambia mnunuzi, kwa kuwa mpasuo wenyewe hausemi ulipasuliwa kwa ajili ya nani.

Mwaka ule mvua zilikuwa haba. Pasaka ilikaribia, siku ambazo Wayahudi huondoa majumbani mwao kila kilichotiwa chachu, wakala mikate mikavu ya ngano, kukumbuka jinsi babu zao walivyotoka Misri kwa haraka, unga ukiwa haujaumuka. Badra hakuwa na ngano. Hata waliozoea kutoa sadaka walikuwa wakijitafutia wenyewe. Akalitoa joho.

Aliyekuja kulitazama ni Bi Ghazala, mwenye ghala la ngano, aliyekuwa akimwoza mwanawe baada ya sikukuu. Alikuwa mwadilifu, lakini ulimi wake ulikuwa mkali. Akaligeuza joho ndani na nje, akasema sufu ni nzito mno kwa bwana harusi, shingo imechakaa, na marehemu alikuwa na mabega ya ngamia. Kisha akaahidi gunia la ngano. Kidole chake kikafika kwenye mpasuo.

"Huu ni wa yule shemeji yako aliyeanguka kwenye genge la mlima," alisema. "Naukumbuka msiba ule. Na wewe, Mama Shama, fundi wa sindano, umeuacha hivi hivi miaka yote? Ushone, nami nitaleta ngano."

Hakuwa ameuliza swali, alikwisha kujijibu. Ilitosha mjane ainamishe kichwa na kutia uzi kwenye sindano. Watoto walikuwa mlangoni, wamelisikia neno ngano.

"Bi Ghazala," alisema Badra, "wa shemeji ulikuwa kwenye kanzu, na tulishaushona. Huu Saadia aliupasua kwa ajili ya baba yake. Haushonwi."

Bi Ghazala akaondoa mkono. Akasema mwanawe hawezi kuketi harusini na msiba wa mtu mwingine kifuani, akaenda zake. Shama, binti mkubwa, akamuuliza mamaye kwa nini hakunyamaza.

"Mpasuo huu ni ahadi ya baba yako kwa babu yako," alisema Badra. "Hayupo tena kuilinda. Nipo mimi."

Akalikunja joho, akawapikia watoto uji wa mtama uliobaki, akasubiri.

Zikawadia siku za kusaga ngano ya Pasaka. Ngano hiyo huwekewa mlinzi tangu inapotoka ghalani, isiguswe na maji, kwani ikilowa huanza kuchachuka. Nayo ikishalowa na kukauka, hakuna jicho la kuitambua. Kijiji kizima hula kwa kuliamini neno la mlinzi. Mlinzi wao alikuwa amezeeka, haoni vizuri. Bi Ghazala akarudi kwa Badra, akasimama mlangoni.

"Joho silitaki," alisema. "Nakutaka wewe. Nilindie ngano, na ujira wako ni gunia lile lile. Ukisema imelowa, nitaimwaga."

"Na ukikasirika?"

"Nitakasirika, Mama Shama. Wewe sema tu."

Badra akailinda. Siku moja akamwambia kwamba maji ya mtungi yamerukia mfuko mmoja. Bi Ghazala alikasirika kama alivyoahidi, akawamwagia kuku mfuko wote.

Katika karamu ya Pasaka, Wayahudi hula wakiwa wameegemea, kama watu walio huru. Nyumba ya Badra haikuwa na mito ya kutosha. Akaliweka joho la Saadia mahali alipokuwa akiketi mumewe, mpasuo ukiwa juu, na watoto wakaliegemea kwa zamu.

Ndugu zangu, kweli ya Badra haikumrudisha mumewe. Sisi tuliozika tunajua hivyo, na hatuombi lisilokuwa. Lakini Mwenyezi Mungu hakutuamuru tuonekane wazima mahali tulipopasuka. Ametuamuru tusimdanganye mtu, hata pale ambapo kunyamaza kungetosha.