Ukoko wa Bi Somoe

Jungu kuu halikosi ukoko. Mmeisema wenyewe sasa hivi, mkimcheka Mzee Kindamba alivyocheza ngoma jana hadi vijana wakampisha, na mlipomaliza kucheka mkaniuliza imetoka wapi. Endeleeni kuchambua mchele wa harusi, masikio hayana haja ya mikono. Watu wa kwingine wana simulizi yao na sigombani nao. Sisi wa ukoo wa Bi Somoe, huku Rufiji, tunasema methali hii ilianza hivi.

Bi Somoe alikuwa mke wa Ungando, mkulima wa mpunga. Alikuwa na jungu la udongo lililotosha watoto wake saba na mgeni asiyetarajiwa. Kila jioni aliinjika wali wa nazi, akaufunika, akapalia makaa juu ya mfuniko ili uive juu na chini. Wali ukishaliwa, ilibaki starehe ya nyumba ile, nayo ni ukoko. Ungando aliubandua kwa mwiko, mkavu, unanukia nazi, akaushika mkononi. Hakuna aliyepewa bure. Kila mtoto alitaja kwanza jambo moja alilolificha, ndipo akapata kipande chake. Sheria ya Ungando ilikuwa kwamba la ukokoni halichapiwi, hata liwe kubwa namna gani. Watoto walisema, wakacheka, wakatafuna.

Ungando akafariki. Watoto wakaoa na kuolewa, wakajenga humo humo kijijini. Siku moja Bi Somoe aliinjika wali, akazitoa kuni moto upungue, akaenda kwa jirani kuomba ndimu. Aliporudi akakuta banda la jiko linawaka. Watu waliuzima moto kwa maji na mchanga. Hakuna aliyeumia, na jungu lilitoka zima, ila paa la makuti liliteketea lote. Bi Somoe akasema kuni alizitoa na anakumbuka alivyozitoa. Wanawe wakatazamana vile watu wanavyotazamana mbele ya mzee wanayedhani ameanza kusahau. Mtulia, mkubwa wao, akasema mama amechoka. Tangu siku hiyo asishike moto tena, ataletewa chakula.

Akaletewa kweli. Leo sahani ya Siwema, binti yake, kesho ya mke wa Mtulia, imefunikwa vizuri na ina kitoweo. Hakunyimwa kitu. Lakini sahani iliwekwa mbele yake, aliyeileta akaondoka, naye akala peke yake kama mgonjwa. Wajukuu walikula kwao. Jungu likawekwa uani, kuku wakanywea maji. Kila akilipita alikasirika, na mimi nasema alikuwa na haki. Kuambiwa umesahau jambo unalolikumbuka ni tusi, hata ukiambiwa kwa upole. Kibaya zaidi, zilifika siku akaanza kujiuliza mwenyewe kama kweli zile kuni alizitoa. Hilo ndilo lililomnyima raha.

Mwaka ukazunguka, mpunga mpya ukavunwa. Asubuhi moja Bi Somoe akayamwaga maji ya kuku, akalisugua jungu kwa majivu na mchanga, akapanga mafiga matatu mbele ya nyumba, mahali ambapo kila mpita njia angemwona. Akakoka moto, akakuna nazi tatu. Harufu ya tui ilipopanda, wajukuu wakaanza kusogea. Siwema akaja na sahani yake mkononi, akaona, akaiweka chini, akaketi. Mtu akakimbia shamba kumwita Mtulia.

Mtulia alifika anahema. "Mama, tulikubaliana."

"Mlikubaliana nyinyi. Mimi nilikuwa nimekaa tu."

"Hilo jungu limezeeka, mama. Limekwisha kazi."

Bi Somoe alikuwa anapanga makaa juu ya mfuniko, moja moja, wala hakuinua uso. "Jungu kuu halikosi ukoko," akasema. "Unataka kula, kaa. Hutaki, ondoka kwenye moshi wangu."

Mtulia akakaa. Wali ukapakuliwa kwenye sinia, mikono ikaingia, na watu ambao kwa mwaka mzima walipitana njiani tu wakaanza kugombea nafasi kwenye sinia kama zamani. Ulipokwisha, Bi Somoe akachukua mwiko, akaubandua ukoko, akaushika mkononi kama Ungando. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Siwema akaungama kwamba kioo cha baba alichokivunja mbuzi, miaka ile, hakikuvunjwa na mbuzi. Watu wakacheka hadi wajukuu wakauliza huyo mbuzi alifanywa nini. Alichinjwa, masikini, na Siwema alikula.

Mtulia akanyoosha mkono. Mama yake akaurudisha ukoko kifuani. "Hujasema."

Mtulia akaushusha mkono. Kisha akasema polepole, "Siku ya moto nilipita jikoni, mama. Kuni ulikuwa umezitoa. Nilikuwa na njaa, nikazisukuma ndani wali uive upesi, nikaenda kuoga. Niliporudi nikakuta wote wanakutazama wewe, nikanyamaza."

Bi Somoe alilia, na nawaambia hakulia kwa huzuni. Mwaka mzima alikuwa amewabishia watoto wake, na mwisho akaibishia hata akili yake, kumbe alikuwa sahihi. Akajifuta kwa upindo wa khanga, akavunja kipande kikubwa kuliko vyote, akampa Mtulia.

"Kula. La ukokoni halichapiwi, sheria ya baba yako siivunji," akasema. "Lakini kesho asubuhi utanijengea jiko langu. Na sahani zenu msiniletee tena. Mwenye njaa aje hapa."

Jiko likajengwa, na jioni zao zikarudi. Na aliyeitembeza methali hii kijijini hakuwa Bi Somoe, alikuwa Mtulia. Mtu akisema mbele yake kwamba mzee fulani amekwisha, hata akitania, Mtulia alikuwa akimkatiza kwa ukali, na mpaka anaingia kaburini hakuacha: jungu kuu halikosi ukoko.