Kwa Nini Rejeo Lina Mstari wa Buluu Chini Yake

Tumsifu, weka kikombe chini unisikilize. Na nyinyi wengine wa meza hii ya miongozo sogeeni, maana swali lake ni lenu nyote. Jana, katika mwongozo wa pampu, ameandika "tazama sehemu ya 40" kwa vidole vyake mwenyewe, namba tupu. Nilipomwambia aingize rejeo lenyewe, lile la buluu lenye mstari chini yake, ambalo ukilibofya linakupeleka kwenye sehemu hiyo, akaniuliza lina faida gani zaidi ya kupendeza macho. Sikumgombeza. Nami niliuliza hivyo hivyo nilipoanza kazi hii, na Bi Time aliyenifundisha akanijibu kwa kisa.

Kabla maneno hayajajua kumpeleka mtu mahali, vitabu vya mashine havikuwa na jalada. Kulikuwa na mji mmoja milimani uliokunywa maji ya mfereji mmoja. Mfereji ule ulikuwa na malango, magurudumu na vinu vingi hata mwongozo wake haukubebeka na mtu mmoja. Basi kila sehemu ya mwongozo ilikaa katika nyumba yake, pamoja na mwandishi wake. Nyumba zilikuwa mia nne. Namba ya sehemu iliandikwa kwa chokaa juu ya mlango, na fundi aliyetaka kujua jambo alitembea nyumba hadi nyumba akisoma. Karatasi ikimwambia "tazama sehemu fulani," alikaza viatu vyake akaenda. Maneno hayo yalikuwa meusi kama maneno mengine yote, na mafundi wengi waliyapita bila kuyaona.

Nyumba ya tisa alikaa Siwatu, binti wa mtia rangi, aliyeandika namna ya kufungua lango kuu la maji. Nyumba ya arobaini alikaa Ngwali, aliyeandika namna ya kulifunga. Karatasi ya Siwatu iliishia na "ukimaliza, tazama sehemu ya arobaini." Ya Ngwali iliishia na "likikataa, rudi sehemu ya tisa." Mmoja akibadilisha neno, ilimbidi mwenzake alione, na wawili hao walibadilisha maneno mara nyingi kuliko lango lilivyohitaji. Watu walijua. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Ngwali alikwisha kusema kwamba masika yakipita atatuma wazee kwa mama yake Siwatu.

Masika hayakupita vizuri. Mama aliugua huko shambani kwake, na Siwatu akaenda kumuuguza. Alimuuguza miezi mitatu, akamzika, akarudi mjini na kikapu kimoja cha urithi: madonge ya uzi ambao mama yake aliutia rangi ya nili kwa mikono yake.

Huku nyuma wazee wa mwongozo walikuwa wameupanga upya. Na desturi ya mji ilikuwa hii: mwongozo ukipangwa upya, waandishi huhama na mikeka yao na vidau vyao vya wino kwenda kwenye namba zao mpya. Ukishahama, namba yako ya zamani haitajwi tena na mtu yeyote. Wazee walisema ikitajwa itawachanganya mafundi. Kwa hiyo aliyehama hakuacha neno mlangoni, na aliyehamia hakusema nani alimtangulia. Lakini maneno ndani ya karatasi hayakuguswa. Yalibaki na namba zile zile za zamani. Hilo ndilo lilikuwa kosa la mji ule, na lilikuwa kosa la watu wenye nidhamu sana.

Siwatu alikuta majirani wameshahamishia vitu vyake nyumba ya thelathini na moja. Karatasi yake bado ilisema arobaini. Hakungoja hata kuosha miguu, akaenda nyumba ya arobaini.

"Hodi hapa. Ngwali yupo?"

"Ngwali simjui, dada," alijibu mwanamume aliyefungua. "Hapa ni mafuta ya magurudumu."

"Na aliyekuwa hapa kahamia wapi?"

Yule mtu akatazama kando kwa haya, akarudisha mlango. Siwatu akarudi kwake. Alimtamani Ngwali mpaka kifua kikamuuma. Mama amekwenda, naye amekubali, maana kifo hakina mlango wa kubisha. Lakini huyu yu hai, yumo katika mji huu huu, labda anakoka moto sasa hivi, na hafikiki.

Kesho yake asubuhi alichukua sindano na uzi wa mama yake, akashona mstari chini ya maneno "tazama sehemu ya arobaini." Hakukata uzi. Alijitwika kikapu akatoka, akiuachia uzi nyuma yake. Jirani akamwambia, "Bibi wewe, si ungoje wazee wapange tena? Huenda akarudi arobaini."

"Wakipanga tena nitampoteza tena," alisema Siwatu. "Uzi huu siufungi mlangoni kwake. Naushona kwenye karatasi yake. Nyumba zihame zitakavyo."

Akaanza nyumba ya kwanza. Kila mlango hodi, kila mlango siye. Ilikuwa majira ya zambarau, na zilidondoka njiani bila mtu wa kuziokota, basi hizo ndizo alizokula, mchana na jioni, mpaka vidole vikaiva rangi. Uzi uliopita katika vidole vile uligeuka zambarau, na uliobaki kikapuni ulikuwa buluu bado. Hivyo hata alipochoka na kuzungukwa na vichochoro, alijua njia gani ameshaipita na ipi bado.

Siku ya kumi na moja alifika nyumba ya mia mbili na kumi na nne. Mlango ulikuwa wazi. Wino ulikuwa umekauka kidauni, na juu ya meza ilikuwepo karatasi yenye mwandiko anaoujua: namna ya kufunga lango kuu la maji. Chini kabisa, "likikataa, rudi sehemu ya tisa."

Bibi mmoja wa nyumba ya jirani akachungulia. "Unamtaka Ngwali, mwanangu? Hayupo. Tangu tulipohamishwa ametoka kutafuta sehemu ya tisa. Hurudi siku mojamoja, hunywa maji, akatoka tena."

Siwatu alicheka, kisha akalia, akakaa chini. Alitaka kuinuka amfuate, lakini yule bibi akamshika bega. "Kaa papo hapo. Mkitafutana wawili, mtapishana mpaka mzeeke."

Akashona ncha ya uzi chini ya kichwa cha karatasi ya Ngwali, mishono midogo midogo kama alivyofundishwa na mama yake. Halafu akaukamata uzi kiganjani, akangoja. Siku zilipita sijui ngapi, Bi Time hakuzihesabu. Alasiri moja uzi ukacheza mkononi mwake. Haukuwa upepo. Ulivutwa taratibu, ukaachiwa, ukavutwa tena. Huko mbali, katika nyumba ya thelathini na moja, mtu alikuwa ameona mstari wa buluu chini ya namba yake ya zamani, akaweka mkono wake juu yake.

Nilimuuliza Bi Time kama walikutana. Akasema kisa alichopewa yeye kiliishia hapo, mtu ameshika huku na mtu ameshika kule, na hakuwa mwongo wa kukirefusha.

Na tangu siku hiyo rejeo halivai weusi wa maneno mengine. Huvaa buluu ya nili, na chini yake hupita mshono. Ukishalipita, hugeuka zambarau, usije ukarudia mlango uliokwisha kubisha. Na kwa kuwa limeshonwa kwenye karatasi yenyewe, panga sehemu zako upya mara mia, namba itajigeuza ikamfuate mwenyewe alikohamia. Ile yako, Tumsifu, iliyoandikwa kwa vidole, itabaki inabisha nyumba ya mafuta ya magurudumu.

Tena, tazameni kioo cha kompyuta yangu. Mshale huu, popote ninapoupeleka, ni mshale tu. Nikiufikisha juu ya rejeo, unageuka mkono. Huo ndio mkono wa Ngwali.

Sehemu ya kufunga lango katika mwongozo huu wa pampu aliiandika Bi Time, mwaka wa mwisho kabla hajatutoka. Imeshahamishwa mara tano, na sijabadilisha neno lake hata moja. Kazi haihitaji niifungue kila siku, lakini naipitia. Napeleka mshale juu ya rejeo lake, mkono unatokea, nami nauacha hapo kidogo kabla ya kubofya.