Jiwe Chini ya Mtende wa Durra

Inasimuliwa, na waliosimulia hawakupata faida yoyote kwa kusimulia, kwamba katika zama za waja wema waliotutangulia palikuwa na mtu aitwaye Habbab bin Uqba, mwandishi katika diwani ya kharaji, yaani ofisi ya kodi ya ardhi, kwenye mji mmoja wa Iraki. Kazi yake ilikuwa kunakili majina ya wakulima walionyang'anywa mavuno yao, na hati yake ilikuwa nzuri mno, kiasi kwamba dhuluma ilipopita mikononi mwake ilitoka inapendeza.

Siku moja tonge lilimkwama kooni. Akamwambia mkewe Rayta, "Mkate huu una majina ya watu ndani yake."

Rayta akajibu, "Basi tuondoke kabla hatujazoea kuyameza."

Wakaondoka na binti yao Durra, mwenye umri wa miaka sita, wakaenda mwendo wa siku mbili hadi ukingoni mwa mto, penye uwanda mweupe wa chumvi usioota hata mwiba. Nia yao ilikuwa kula kile tu ambacho Mola amekiotesha ardhini au amekileta majini, pasi na mkono wa dhalimu kupita katikati. Na hukumu iliyojulikana kwa wanazuoni ni kwamba mwenye kuhuisha ardhi mfu, isiyo na mwenyewe wala alama ya mwenyewe, ardhi hiyo ni yake. Diwani nayo ikaongeza yake: kwamba ardhi haihesabiwi kuwa imekufa mpaka karani aje aandike kuwa imekufa, wala haihesabiwi kuwa imefufuka mpaka karani yuleyule arudi baada ya miaka mitatu aandike kuwa imefufuka. Malaika wa mauti mwenyewe hakupewa utaratibu mzito kiasi hicho.

Mwaka wa kwanza waliishi kwa mgono, ule mtego wa samaki uliosukwa kwa matete, kwa mizizi ya matete hayohayo, na kwa mboga mwitu alizozichuma Rayta kando ya maji baada ya swala ya alfajiri. Shambani walichimba mitaro. Waliyafungulia maji ya mto yakafunika uwanda, wakayaacha yanywe chumvi, wakayatoa, wakayafungulia tena. Kila walipoyatoa, Rayta alichukua udongo kidogo akauweka ulimini, akautema, akasema, "Bado." Durra naye alijitia kuonja, akatema mbali kuliko mama yake, akashika kiuno na kupaza sauti, "Bado, Baba! Rudi kazini!" Habbab alicheka mpaka jembe likamtoka.

Mwisho wa mwaka ule homa ilimchukua Durra kwa siku nne. Wakamzika pembeni mwa shamba, na wakaendelea kuitana Mama Durra na Baba Durra, kwani hawakuwa na majina mengine waliyoyapenda.

Ilipotimia siku ya arobaini, Habbab akiwa mtoni, Rayta alichimba shimo karibu na kaburi ili apande chipukizi la mtende. Jembe likagonga jiwe. Akalifuta vumbi, na kwa kuwa mumewe alimfundisha kusoma, akasoma yaliyochongwa: *Hili ni shamba la Hanash bin Aus na kizazi chake.* Chini ya jiwe palikuwa na mfereji wa matofali ya kuchoma, umekauka.

Rayta alikaa kitako mbele ya jiwe lile mpaka jua likamgeukia upande wa pili. Kisha akalirudisha mahali pake, akalifunika, akapanda mtende juu yake na kuumwagilia.

Habbab aliporudi akauliza, "Mikono yako mbona inatoka damu?"

"Udongo mgumu," akasema. Ilikuwa kweli, na kweli ile ilimkaa kooni miaka miwili.

Mwaka wa tatu Rayta alionja udongo, hakutema. Kukaota shayiri, vitunguu na matango, na mtende wa Durra ukawa kimo cha mtu aliyeketi. Hapo ndipo aliporudi karani wa Ardhi Mfu, Sawari bin Yazidi, aliyeiandika kuwa imekufa walipofika, juu ya nyumbu, na kamba ya kupimia, na kidau cha wino shingoni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyebakiza mashamba kumi na moja kabla ya kurudi nyumbani.

Akapima, akala tango, akapima tena, akala la pili. Kisha akamwambia Habbab, "Nimekwisha andika kwamba ilikuwa mfu na sasa ni hai. Limebaki neno moja. Inua mkono useme: Wallahi sikukuta humu jengo, wala mfereji, wala alama ya mwenyewe."

Habbab akainua mkono.

"Usiape, Baba Durra," Rayta akasema.

Karani akageuka. "Mama, anayeapa ni mumeo."

"Ndiyo maana namzuia. Yeye hajui."

Akaeleza yote: jiwe, jina, mfereji, na siku ya arobaini. Alieleza akiwa amesimama na bila kulia, na alipomaliza, Habbab alikuwa bado ameinua mkono, kama mtu aliyesahau alikuwa akiomba nini.

Hatimaye akasema kwa sauti ndogo, "Ungeniacha niape, Mama Durra. Nisingekuwa na dhambi."

"Wewe usingekuwa nayo. Ningekuwa nayo mimi, na ningekupikia dhambi hiyo kila siku."

Sawari akaweka kalamu chini. "Sikilizeni, jamaa zangu. Mimi masikio yangu ni mazito tangu utotoni. Nimeshaandika kwa wino mzuri, na kufuta ndani ya daftari hili kunahitaji barua kwa mkuu wangu, na mkuu wangu hajibu barua. Jiwe liko chini, mti uko juu. Nani ataung'oa?"

Rayta akachukua jembe.

Habbab hakumzuia. Alipiga magoti upande wa pili, akaukumbatia mtende ule huku mkewe akichimba, ili mizizi isikatike. Jiwe likaonekana. Karani akalisoma mara mbili, akitumaini pengine mara ya pili lingesema jambo jingine.

Basi sheria ikachukua mkondo wake, na ukiona sheria imechukua mkondo, jua maji yamekatwa mahali. Ikaamriwa kwamba shamba lina mwenyewe, na atafutwe. Mpaka apatikane, shamba ni amana ya diwani, na yeyote atakayelimwagilia, hata kata moja, atahesabiwa kuwa anadai umiliki. Mtende ukaandikwa kuwa ni kielelezo. Ukalazwa ubavu, ukatundikwa lakiri, ule muhuri wa nta.

Rayta akaomba, "Niuzike mizizi tu, bwana karani. Sidai kitu. Ni kivuli cha mtoto."

Sawari akatazama chini. "Kielelezo hakipandwi, mama. Wameniandikia hivyo."

Wawili wale wakahamia kibanda cha matete ng'ambo ya mtaro, wakarudi kwenye mgono na mboga mwitu, kwa sababu mto ulikuwa bado haujaingizwa daftarini. Kutoka pale waliliona shamba likifa. Vitunguu vilitangulia, shayiri ikafuata. Kisha chumvi ikapanda kutoka chini taratibu, kama maziwa yanayomwagika kwenda juu. Mto ulipita hatua thelathini kutoka hapo, umejaa. Wakata matete waliopita walimtania Rayta: "Mama we, ulimi huo umelamba chumvi miaka mitatu, ukashindwa kunyamaza siku moja?" Naye alikuwa akiwapa samaki.

Mwaka wa tano Habbab akafariki, Allah amrehemu. Akazikwa kando ya binti yake, baada ya Rayta kuapa mbele ya wazee wawili kwamba kaburi si kilimo.

Mwaka wa saba Sawari alirudi, nyumbu mwingine, ndevu nyeupe. Mzawa wa Hanash hakupatikana. Kizazi chote kilikuwa kimekwisha kwa tauni kabla Rayta hajazaliwa, jambo ambalo mzee yeyote wa kijiji cha jirani angelisema, lakini hakuna aliyeandikiwa amuulize.

"Sasa hatuna budi kuthibitisha kwamba ardhi imekufa," karani akasema, "na utaratibu unataka shahidi mwadilifu. Nimetafuta katika madaftari yote, mama. Aliyetoa ushahidi dhidi ya nafsi yake ni mmoja tu, nawe ndiye."

Rayta akavuka mtaro kwa mara ya kwanza tangu maziko ya mumewe. Akainama, akachukua udongo karibu na kaburi la Durra, akauweka ulimini. Akautema.

"Imekufa," akasema. "Andika."

Sawari akaandika. Kisha akatoa karatasi aliyokuwa ameificha kifuani kama mtu aletaye zawadi. "Ardhi ikifa kihalali, hupewa wa kwanza kuiomba. Nimemweka Habbab bin Uqba mbele ya wote. Mwite aje atie saini."

Rayta akamwonesha kaburi kwa kidole. Karani alikuwa hajui. Akaikunja karatasi polepole.

"Basi wewe, mama."

"Chumvi hii inataka miaka mitatu ya mikono minne. Mimi nina miwili, nayo inatetemeka. Mwandike mwingine."

Akaandikwa shemeji wa gavana, ambaye hakuwahi kufika kuiona.

Sawari alipokuwa akipanda nyumbu, aliuliza bila kumtazama, "Je, unajuta, Mama Durra?"

"Najuta," akasema. "Kila asubuhi nikiliona jiwe lile najuta. Lingesemwa siku nilipoliona, tungeondoka na jembe letu, na Baba Durra angali na nguvu za kuanza mahali pengine. Sijutii nililolisema. Najutia miaka miwili niliyolifunika kwa mti." Kisha akachukua mgono wake akashuka mtoni, kwani ulikuwa wakati wa kuutega.

Wapo wanaopenda kumalizia kisa hiki kwa kusema kwamba mtende ule uliota tena usiku mmoja ukazaa tende. Mimi sikuipokea riwaya hiyo, na sitaizua kwa ajili ya kumfariji yeyote. Tumezoea, ndugu zangu waumini, kuisimulia subira kana kwamba mwisho wake ni tende. Mara nyingine mwisho wa subira ni subira, na mwenye kusema kweli hulala njaa huku mwongo akipewa shamba asilolitaka. Atakayeichelewesha kweli mpaka apande kitu juu yake, na ajue kwamba siku ya kuichimbua atakichimbua na alichokipanda. Ama ujira wa Rayta, umeandikwa mahali pasipo lakiri wala foleni, na anayeushika ni Yule asiyehitaji karani.